Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Wako watu waliojaliwa kusahau. Hamadi hakujaliwa, na hata kama angejaliwa asingekubali. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa na kinyongo na baba yake mdogo, Kassimu, na kinyongo hicho alikitunza vizuri kuliko vyeti vyake.

Kilianza Buyenzi, Bujumbura, mwaka 1980, Hamadi akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa amefariki, na Kassimu, mdogo wa marehemu, akamchukua mtoto amlee. Siku ya kwanza walipoketi mkekani kula, mtoto akapeleka mkono wa kushoto kwenye sinia ya wali. Kassimu akaudaka ule mkono kabla haujafika. Aliinuka, akaleta kamba ya katani, akaufunga mkono kiunoni mwa mtoto, na hapo ukakaa kutoka alfajiri hadi magharibi, siku baada ya siku, mwaka mzima.

Tuelewane. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu, na Hamadi anakula kwa mkono wa kulia mpaka leo, hata akila chipsi barabarani Brussels. Kumkumbusha mtoto ni jambo moja. Kumfunga kama mbuzi wa Idi ni jambo jingine. Wala hakufungwa wakati wa kula tu. Alifungwa akiandika, akicheza, akichota maji. Watoto wa mtaa wakamwita Mkono Mmoja. Maandishi yake ya mkono wa kulia yalitoka kama nyayo za kuku, mwalimu akamchapa, akarudia darasa la pili, akarudia la tatu, mwisho akaachana na shule. Kamba ilipofunguliwa, mkono wa kushoto ulikuwa umejifunza kuogopa na wa kulia haujajifunza kitu. Vikombe vilimponyoka. Mipira ilimpita. Na Kassimu, mbele za wageni, alikuwa akisema: "Samaki mukunje angali mubichi," halafu anacheka peke yake.

Vita viliwaleta wote wawili Ubelgiji, Kassimu kwanza, Hamadi baadaye. Kassimu akafungua duka Saint-Josse, Brussels, vibanda vya simu upande mmoja, vitenge na maziwa ya unga upande wa pili. Hamadi akapata kazi jikoni katika nyumba ya wazee kule Ganshoren, akaoa Latifa, wakapanga Schaerbeek ghorofa ya tatu. Wangeweza kuishi mji mmoja bila kuonana zaidi ya siku za Idi. Lakini Kassimu alipenda kuonekana, na uzeeni alikuwa amepata mchezo mpya, kulenga shabaha. Alikuwa mwanachama wa klabu moja Ganshoren, ana leseni, ana bunduki yake ndogo ya kuvuta komeo, na vibao vitatu vya ushindi alivitundika dukani juu ya mashine ya pesa.

Mwezi wa kumi mwaka 2010 klabu ilifungua milango kwa wageni. Kassimu akawabeba watu wa Buyenzi magari mawili, Hamadi akiwemo. Kila mgeni alipewa bunduki ya klabu na risasi tano, na msimamizi pembeni yake. Hamadi akalala chini, akaweka kitako begani kulia kama alivyofundishwa kila kitu maishani, akafyatua zote tano. Karatasi yake ikarudi safi kama ilivyokwenda. Hata pembeni hakugusa.

"Mon neveu," Kassimu akawaambia Wabelgiji, "il a deux mains gauches!" Ndivyo Wafaransa wanavyomsema mtu asiyeweza kushika kitu kisianguke, kwamba mikono yake yote miwili ni ya kushoto. Wabelgiji wakacheka kwa heshima. Watu wa Buyenzi, waliojua habari ya kamba, wakacheka bila heshima. Kisha Kassimu akaiomba ile karatasi, akaandika jina la Hamadi na tarehe, na kesho yake ilikuwa ukutani dukani, chini ya bei za simu. Kila aliyekuja kupiga simu Bujumbura alimsoma Hamadi kwanza.

Hamadi alipoiona, masikio yalimwaka moto. Akanunua kadi yake ya simu, akasema asante, akatoka. Barabarani akaapa kwamba atamshinda Kassimu kwa mchezo wake mwenyewe, mbele ya watu wake mwenyewe, kwenye kombe la klabu la Novemba ya mwaka unaofuata. Angeweza kumpiga ngumi, ni kweli. Mzee wa miaka sitini na mbili angeanguka. Lakini ngumi ingewafanya watu wamwonee Kassimu huruma, na Hamadi hakutaka mtu yeyote amwonee Kassimu huruma.

Leseni ilimlia miezi saba. Cheti cha daktari, karatasi ya polisi, mtihani wa sheria, mtihani wa kushika silaha. Mtihani wa kupiga aliufaulu kwa taabu, kwa pointi moja tu, wala msimamizi hakumsifu. Juni 2011 ikabaki kununua bunduki, na mfukoni alikuwa na euro mia nne, pesa ambayo ilikuwa ya safari ya likizo. Latifa akasema pesa ya likizo haiendi dukani na mwanaume peke yake. Akavaa mtandio wake wa kijani, wakaenda pamoja.

Duka la Florent lilikuwa Schaerbeek hapo hapo, dogo, mlango wake una kengele. Florent alikuwa mzee wa Kibelgiji mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimtazama Latifa, akamtazama Hamadi, akasoma leseni, ndipo akauliza bunduki ni ya nini.

"Ya kumshinda muntu," Hamadi akasema kwa Kifaransa.

"Kwenye karatasi?"

"Kwenye karatasi."

"Basi hapo nitakusaidia."

Akatoa ya kwanza. Mpya, nyeusi, nyepesi, na darubini juu yake. Euro mia tatu na tisini. Latifa akaipenda papo hapo kwa sababu haikuwa nzito. Florent akatikisa kichwa. Nyepesi, alisema, ni ya kutembea nayo porini kutwa. Ya kulengea karatasi umelala chini inataka uzito, maana uzito ndio unaotuliza mkono. Na ile darubini mashindano ya klabu yao hayaikubali. Angelipia kitu cha kuacha sandukuni.

Ya pili ilikuwa ya zamani, mtutu mnene, mbao zinang'aa. Mia tatu na themanini. Hamadi akaishika, akavuta komeo, likateleza bila kukwaruza. Moyo wake ulikuwa umeshalipa. Lakini Florent akachukua tochi ndogo, akamulika mdomo wa mtutu, akamwita achungulie. Aliyekuwa nayo, alisema, aliisafisha miaka ishirini kwa fimbo ya chuma akiingizia mbele, na fimbo ikaukwangua mdomo. Risasi inayotoka hapo haijui inakokwenda.

"Mbao ni za macho," Florent akasema. "Pesa yako iweke kwenye mtutu na kwenye kifyatulio. Ukibakiwa na kitu, nunua risasi nyingi."

"Donc hakuna," Latifa akasema kwa Kiswahili, akifunga mkoba. "Twende ku nyumba."

Florent hakuelewa maneno ila aliuelewa mkoba. Akamwuliza Hamadi anapigaje. Hamadi, kwa aibu, akasimulia juu ya karatasi iliyorudi safi. Yule mzee akakunja uso, akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, aunganishe viganja, aache tundu dogo katikati, aitazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo, macho yote mawili wazi. Hamadi akaiona saa.

"Sasa funga jicho la kushoto."

Saa ikatoweka. Akafungua, akafunga la kulia. Saa ikarudi.

"Bwana," Florent akasema, "jicho lako linaloongoza ni la kushoto, na wewe bunduki unaiweka kulia. Hata mimi ningekosa karatasi."

"Nilisema miye!" Latifa akapiga makofi. "Ku nyumba akikasirika anarushaka kandambili na mukono ya kushoto. Haikosaka, nakuapia!" Akairudia kwa Kifaransa, na Florent akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Kisha akaingia nyuma ya duka, akakaa kidogo, akarudi na sanduku lenye vumbi.

Ndani yake kulikuwa na bunduki ya mashindano, nzito, mtutu wake hauna doa. Ila kila kitu kilikuwa kinyume. Komeo lilikuwa kushoto. Kitako kilichongwa kwa shavu la kushoto. Ilikuwa ya mteja aliyefariki, mjane wake akaileta iuzwe. Ikiwa ya mkono wa kulia, Florent alisema, ingekwenda elfu na mia mbili kwa wiki moja. Hii ilikuwa na miaka minne pale nyuma. Alianza na mia tisa, akashuka mia sita, sasa angeridhika na mia nne na hamsini ili tu apate nafasi ya kuweka ngazi.

Hamadi akaiinua. Bega la kushoto likapokea kitako, shavu likalala, jicho likaingia kwenye tundu la kulengea bila kutafuta. Mkono wa kushoto ukafungua komeo na kulifunga, na hakikuanguka kitu. Alijisikia vizuri, vizuri mno, mpaka akaogopa. Akageuka kutazama mlango. Jasho lilikuwa limemtoka, na kifundo cha mkono kilikuwa kinawasha pale pale kamba ilipokaa.

Akairudisha mezani. "Hii siwezi."

"Unaogopa nani?" Latifa akauliza.

"Siogopi muntu."

"Alors?"

"Baba mudogo ataniona."

Alijisikia akisema hivyo, mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye ndevu, na leseni ya serikali mfukoni. Latifa hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka kila jambo, na hilo hakulicheka.

"Bon," akasema. "Na aone."

Hamadi akabaki na neno hilo. Aone. Yeye Hamadi alale chini hatua mbili kutoka kwa Kassimu, na mzee auone mkono ule aliofikiri ameuua ukifanya kazi, tena mbele ya watu. Woga ukamtoka, na mahali pake pakaingia kitu kitamu ambacho hakuwahi kukionja. Watu hupenda kusema kisasi hakina ladha. Hao hawajawahi kufungwa.

Latifa akamgeukia Florent na kuanza kazi. "Quatre cent cinquante? Papa, hiyo haina mukono ya kulia! Miaka minne hakuna mwenye aliitaka. Trois cents." Kusikia mia tatu, Florent akashika moyo. Wakaenda, wakarudi, Latifa akafungua mkoba, akaufunga, akafungua tena. Wakaishia mia tatu na sitini, na boksi mbili za risasi juu.

Mkono haukurudi kwa siku moja. Hamadi alikwenda klabu kila Jumanne, maana Kassimu alikuwa mtu wa Jumamosi, na akawaomba wale wa Jumanne wamfichie siri. Wiki za kwanza mkono wa kulia ulikuwa ukiruka wenyewe kwenda kwenye komeo ambalo halikuwepo, na Hamadi akiukemea kwa sauti. Jioni akitoka kazini alilala kwenye korido ya nyumba yao, bunduki tupu, sarafu imewekwa juu ya mtutu, akifyatua polepole ili sarafu isianguke. Latifa alimruka akipeleka nguo kuanikwa. Akilenga, Hamadi hakumfikiria Kassimu kuwa yuko kwenye duara jeusi la shabaha. Sheria za klabu na za Mungu zinakataza kuelekeza bunduki kwa mtu, hata kwa mawazo. Alimweka pembeni, amesimama, anatazama. Agosti sarafu ilianza kutulia. Septemba mashimo yakaanza kukaa pamoja, pointi kumi, tisa, kumi. Oktoba msimamizi wa Jumanne alimpa mkono.

Novemba Kassimu akaja na magari matatu. Alipoliona jina la Hamadi kwenye orodha akawaita watu wake waje walisome. "Mukono Mmoja amerudi!" akasema. "Leo labda atapiga muti." Watu wakacheka. Hamadi akamwamkia kwa adabu, kwa mkono wa kulia, kama mtoto aliyelelewa.

Njia za kulengea ziligawanywa kwa kura na Kassimu akaangukia ya tatu, Hamadi ya nne. Hapo wajue wasiojua mchezo huu. Wanaotumia mkono wa kulia wote hulala wameelekea upande mmoja, kila mtu anaona kisogo cha mwenzake. Lakini akilala wa kushoto jirani na wa kulia, wanakuwa kama watu wawili walioketi kwenye sinia moja. Kila ukiinua kichwa kuvuta komeo, unaona uso.

Kassimu akainua kichwa baada ya risasi ya kwanza, akauona. Mkono wa kushoto wa Hamadi ulifungua komeo, ukatoa ganda, ukaweka risasi, ukafunga, bila haraka. Kassimu akasahau kulenga. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Risasi yake ya pili ikaingia kwenye saba.

Zilikuwa risasi ishirini. Hamadi hakutazama alama zake hata mara moja, alitazama uso. Kila alipovuta komeo alihakikisha mzee anaona. Hii ni ya darasa la pili. Hii ni ya darasa la tatu. Hii ni ya vikombe. Kassimu alikuwa mpigaji mzuri, akajikaza, akapiga pointi kumi mara nne mfululizo, lakini jasho lilimwingia machoni na hakuwa na pa kutazama.

Msimamizi akasoma kwa sauti. Kassimu, cent quatre-vingt-quatre, mia na themanini na nne. Hamadi, cent quatre-vingt-onze, mia na tisini na moja.

Watu wa Buyenzi wakalipuka. Sasa walimcheka mwingine, maana watu wa kucheka hawachagui. Kassimu akasimama, akajifuta uso.

"Umeshinda na mukono ya choo," akasema, ili wote wasikie.

"Ndiyo, baba mudogo. Na weye umeshindwa na hiyo hiyo."

Vicheko vikapanda mpaka Wabelgiji wakaomba watafsiriwe. Kassimu akangoja viishe. "Kesho nitaitoa ile karatasi," akasema kwa sauti ndogo.

"Iache. Andika pointi zako hapo chini."

Watu wakapanda ngazi kwenda kunywa kahawa na kungoja kibao, na msimamizi akabaki kwenye meza yake mlangoni, anajaza fomu. Hamadi alibaki kufuta bunduki yake. Ilikuwa imemkaa vema, furaha hiyo, na hakuwa na haraka nayo. Alipogeuka Kassimu alikuwa bado amesimama kwenye njia ya tatu.

"Nipe hiyo bunduki," mzee akasema.

Hamadi alidhani anatafuta ujanja wa kulalamikia. "Angalia. Hakuna kitu ndani."

"Na risasi. Moja."

Hamadi akamtazama msimamizi, naye akaitikia kwa kichwa. Akampa. Kassimu hakuikagua. Alijishusha kwenye mkeka wa Hamadi kwa taabu, goti moja, kisha la pili, akalala, na bila mtu kumwelekeza akaweka kitako bega la kushoto. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye komeo. Haukutafuta. Ukafungua, ukaweka risasi, ukafunga. Akavuta pumzi, akatoa nusu, akafyatua.

Hamadi akachungulia kwenye kioo cha kuangalia shabaha. Kumi. Katikati ya kumi kabisa.

Kassimu hakuinuka. Alikuwa anautazama mkono wake, na kwa mara ya kwanza Hamadi akaona ngozi yake ilivyo juu ya vidole, laini, ya kung'aa, isiyo na mikunjo.

"Miye hawakunifungaka," Kassimu akasema. "Baba yetu aliutia mu maji ya moto. Mara tatu, mupaka ukaacha." "Weye nilikufunga na kamba tu. Nilikuhurumiaga, Hamadi."

Mtu mwingine angelia hapo. Mtu mwingine angemwinua mzee, wakakumbatiana, na watu wa juu wakashuka kupiga picha. Hamadi alihisi hasira mpya ikipanda, kubwa kuliko ile ya zamani. Miaka yote alikuwa akimchukia mtu asiyejua. Huyu alijua. Alijua jinsi mkono unavyolia ukinyimwa kazi yake, alijua tangu utotoni, na akaleta kamba.

"Ulijua," akasema.

"Nipe ingine moja," Kassimu akasema, bado amelala, anatazama ile shabaha ya mbali kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake. "Moja tu, mwanangu. Miaka hamsini na tano sijauachaka ufanye kitu."

Boksi la risasi lilikuwa mfukoni mwa Hamadi, bado nusu. Akainama, akachukua bunduki taratibu kutoka mikononi mwa mzee, akafungua komeo, akatoa ganda, akahakikisha ni tupu. Akailaza sandukuni.

"Hapana, baba mudogo," akasema. "Hiyo moja inatosha."

Akafunga sanduku, akapanda ngazi kwenda kwa wenzake. Mzee alibaki chini kwenye mkeka, mkono wa kushoto umenyooshwa, kiganja wazi, unangoja risasi. Juu Latifa alikuwa amemwekea kahawa, na Hamadi akainywa yote, na ilikuwa tamu.